Nani Yuko Mbele Yako

Abdulaziz alipita dirishani mwa ofisi saa sita na nusu, kofia nyeupe ikichungulia kwenye mfuko wa shati, mbioni kwenda swala ya Ijumaa. Alikuwa dereva wa makamo kutoka Busia mjini, mtu wa maneno machache, aliyebeba mabati ya kwenda Mbale. Leo ilikuwa siku yake ya tatu ndani ya yadi ya malori ya Malaba.

"Dada Apio, mimi naenda msikitini. Nafasi yangu isipotee."

"Haiwezi kupotea, mzee," Apio akamjibu bila kuinua macho kutoka kwenye kompyuta. "Sistimu inakumbuka kila kitu."

Maneno hayo alikuwa ameyasema mara nyingi, na kila aliyeyasikia aliyaamini, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza. Brigid Apio ndiye aliyeitengeneza hiyo sistimu. Lori likiingia yadini linaandikwa kwenye orodha. Dereva akitaka kujua zamu yake anaingiza namba ya gari kwenye simu, na simu inamjibu: mbele yako magari hamsini, mbele yako magari thelathini, hadi geti limwite. Hakukuwa na tikiti. Apio aliikataa tikiti kwa makusudi. Zamani zilikuwepo, na madereva wa Malaba, Mungu awasamehe, walikuwa wakiziuza kama njugu. Mwenye haraka alinunua namba tano, mwenye njaa akauza yake, akarudi mkiani kulala yadini wiki nzima.

Na kabla ya tikiti kulikuwa na mabavu tu. Geti likifunguliwa, kila lori lilichomeka pua pale lilipoona upenyo. Asubuhi moja, miaka minne iliyopita, Emukule, baba yake Apio, alikuwa katikati ya malori mawili akiyaelekeza kwa mikono, kazi aliyoifanya miaka kumi na tisa. Malori yote mawili yalitaka upenyo mmoja. Apio alimtambua baba yake kwa viatu. Tangu siku hiyo alijua atafanya nini na ile diploma yake ya kompyuta.

Mama yake, Amuron, hakuacha kuuza chai pale pale, katikati ya malori yale yale. Watu walimshangaa. Yeye alisema wateja hawajahama.

Basi, saa saba kasorobo, sistimu ikaanza kujikokota. Madereva walikuwa wakiuliza zamu zao wote kwa pamoja, maana geti lingefunguliwa saa nane baada ya chakula cha mchana, na simu zilikuwa zinazunguka tu bila jibu. Huku mpakani kila kitu hutibiwa kwa kuzima na kuwasha. King'amuzi kikigoma, zima uwashe. Simu ikiganda, zima uwashe. Hata mashine ya kusaga posho hupewa dawa hiyo hiyo. Apio naye alikuwa ameizima na kuiwasha sistimu yake labda mara mia tangu aizindue, wakati ilipokuwa ikiishi kwenye kompyuta kuukuu chini ya kaunta ya duka la fundi Edris kule Busia, na kila ilipoamka orodha ilikuwa pale pale. Jumanne ya wiki hii alikuwa ameihamishia kwenye wingu, kwenye mashine za kukodi ambazo hakuna mtu amewahi kuziona, ili umeme wa Busia usiwe unamtia presha. Ilikuwa haijazimwa hata mara moja tangu ihame.

Akabonyeza kuanzisha upya. Akanywa maji. Sistimu ikarudi, nyepesi, yenye kasi ya ajabu.

Ilikuwa na kasi kwa sababu haikuwa na kitu cha kubeba. Kwenye kioo palikuwa na sentensi moja aliyoiandika yeye mwenyewe zamani, akijaribu programu, na hakuwahi kuiona tena tangu hapo: *Hakuna gari kwenye foleni.*

Akaburudisha ukurasa mara moja, mara mbili, mara tano. Nje, malori mia moja na arobaini yalikuwa yamejipanga katika jua, na kwa mujibu wa kompyuta hakukuwa na hata moja.

Akampigia Edris.

"Edris, orodha imeenda. Nimeristati tu, imeenda yote!"

"Pole pole. Ulipohamisha, data uliweka wapi?"

"Ndani. Pale pale na programu, kama kwako."

Edris alielewa papo hapo. "Dada yangu, kwangu ilikuwa kama nyumba. Unafunga mlango, unafungua, vitu viko. Huko umeenda lojing. Hiyo kontena, yaani pale programu inaishi, ni chumba tu. Ukisema ristati, hawakuamshi wewe. Wanakutoa, wanabadilisha shuka, wanaweka mgeni mpya anayefanana na wewe. Chenye uliacha chini ya godoro wameshafagia. Kitu ya maana unaachia kaunta, kwa sanduku iko na jina lako. Si walikuuliza kama unataka diski ya kudumu?"

Walimuuliza. Apio alikumbuka ukurasa wenyewe, na kisanduku kidogo cha kuweka alama, na neno lililosema si lazima. Alikuwa na haraka siku hiyo. Akaruka.

"Na nakala?"

"Ile niko nayo ni ya Jumanne."

Magari ya Jumanne yalikuwa Kampala, mengine yamefika Kigali. Apio akakata simu. Kosa lilikuwa lake peke yake, bila pa kulisukumia.

Hapo ndipo aliposikia injini ya kwanza.

Madereva walikuwa wameona. Kila mmoja aliyeuliza zamu yake alikuwa amejibiwa kwamba foleni haina gari, na dereva wa Malaba hahitaji kufafanuliwa maana ya hilo. Pasipo na foleni, mwenye bampa mbele ndiye huwahi. Injini ya pili ikawaka, ya tatu, kisha upande mzima wa kushoto ukaanza kunguruma na moshi mweusi ukapanda. Lori moja jekundu lilisogea mita mbili mbele. La jirani nalo likasogea mita mbili na nusu.

Mlango wa ofisi ukafunguliwa kwa kishindo. Alikuwa Okwakol, meneja wa yadi, kijana wa suruali za kupigwa pasi ambaye hutabasamu zaidi anapokuwa na hasira. Sasa alikuwa anatabasamu meno yote.

"Niambie ni netiweki."

"Si netiweki, boss. Nimepoteza orodha. Ni mimi."

Okwakol akavuta kiti, akakaa, akafikiri kwa muda usiozidi pumzi tatu. Kisha akatoa kalamu.

"Sikiza. Hakuna mtu anajua namba yake. Simu zao zilikuwa zinawaambia hamsini, kesho yake arobaini, nani anakumbuka? Mimi nitakupatia gari ishirini za kwanza. Hizo zingine changanya tu, weka vile unataka. Saa nane geti inafunguliwa, tunasema ilikuwa netiweki, imerudi. Wewe jina lako liko safi, mimi yadi yangu iko safi."

"Hizo ishirini ni za nani?"

"Za watu wanajua kushukuru."

Tusimpambe Apio kama malaika. Alisita. Aliiona kazi yake, na jina lake lililoanza kutajwa hadi Busia, na ilivyo rahisi kuandika namba mia na arobaini ambazo hakuna mtu angeweza kuzipinga. Vidole vilikuwa tayari juu ya vitufe. Kisha akatazama nje ya dirisha, akaona kitenge cha kijani kati ya lori jekundu na jirani yake.

Mama yake alikuwa ameinama pale, birika mkono mmoja, anaokota kikombe karibu na gurudumu.

Apio alitoka mbio. Alimwacha Okwakol na kalamu yake, akapita kati ya mabampa yanayotetemeka, moshi ukimkaba koo.

"Mama! Toka hapo!"

"Vikombe vyangu viko nje thelathini na viwili," Amuron akasema, bila haraka. "Nikitoka sasa, vinaenda Uganda."

"Mama, orodha imepotea. Wataingiliana. Toka, nakuomba!"

Amuron akainuka, akamwangalia binti yake usoni, akaelewa yote. Hata yeye, aliyeshinda hapo miaka minne bila kulia mbele ya watu, alishika bodi ya lori kama mtu anayetafuta mhimili. Lakini aliposema, alizungumzia vikombe.

"Imepotea kwa kompyuta yako. Mimi nikitaka kikombe na mwenyewe haonekani, namuuliza wa nyuma yake. Ananiambia ameenda kuoga, ameenda kulala lojing, anarudi saa ngapi. Kila mtu hapa anamjua wa mbele yake. Wa mbele akitoka, wa nyuma anamshikia nafasi. Hawa watu wamekaa siku tatu, Apio. Unadhani wanaangalia nini?"

Apio akamtazama kwa mshangao, kisha akamkumbatia, birika na yote, chai ikawamwagikia. Akavua viatu vilivyokuwa vinamtatiza, akapanda bampa la lori jekundu, kutoka hapo akapanda boneti, boneti ya moto kiasi cha kumchoma nyayo. Akapunga mikono yote miwili kama alivyokuwa akifanya baba yake.

"Zimeni injini! Zimeni, nina neno!"

Walio karibu walizima, kwa udadisi zaidi kuliko heshima. Wengine wakafuata. Wanaume wakateremka, wakasogea, nyuso zinang'aa jasho.

"Orodha imepotea," Apio akasema. "Si netiweki. Si serikali. Ni mimi. Niliweka mahali pabaya, nikaristati, ikafutika. Siwezi kuirudisha."

Mayowe yalipanda. Aliyepayuka kuliko wote alikuwa Ekwaro, pande la mtu kutoka Amukura, dereva aliyebeba vitunguu vya kupeleka Soroti. Vitunguu vilikuwa vimeanza kuota ndani ya magunia na harufu yake iliwafikia watu kabla yake.

"Madam, siku tatu! Siku tatu umeniambia sistimu, sistimu! Mzigo yangu inaoza, halafu unakuja kupanda gari ya mwenyewe kutuambia pole?"

"Una haki, kaka. Nitukane baadaye, nitakaa nisikilize yote. Sasa naomba kitu kimoja. Kila mmoja wenu anajua nani yuko mbele yake. Njoo usimame nyuma yake. Wewe mwenyewe, kwa miguu. Gari ziache. Mlinzi wa geti anajua gari la mwisho kutoka, kwa hivyo aliyelifuata ndiye wa kwanza. Tukipangika, naandika upya kabla ya saa nane."

Lilikuwa jambo dogo kuwaomba watu, na kubwa kulitenda, kwa sababu mtu mmoja tu akisema uongo, wote walio nyuma yake wanakuwa wajinga. Injini moja ikawaka tena kule nyuma.

Mzee mmoja aliyebeba saruji akatoka kwenye kundi, akaenda kusimama getini, akafunga mikono kifuani. Mlinzi akaitikia kwa kichwa: ndiye. Mwingine akaenda nyuma yake. Wa tatu akaja akisukumana na wa nne, wakagombana kwa Kiteso na Kiswahili, wa tano akawaamua kwa kuwakumbusha nani aliazima jeki ya nani Jumatano. Ile injini ya nyuma ikazimwa.

Mstari ukakua. Apio aliketi juu ya kreti ya soda, kompyuta mapajani, simu sikioni, Edris akimwongoza hatua kwa hatua kutoka Busia. Unda diski. Ipe jina. Iunganishe na programu, njia ile ile ya faili. Hapana, si hapo, chini yake. Soma uone imesema imeunganishwa. Alisoma mara tatu, maana leo hakuwa akiamini macho yake. Okwakol alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi, hatabasamu tena.

"Jumatatu usije," akamwambia alipopita.

"Sawa, boss. Leo bado Ijumaa."

Saa saba na dakika ishirini na tano akaanza kuandika. Alitembea kando ya mstari, kila mtu akimtajia namba ya gari lake, yeye akiandika, na kuuliza swali moja tu: nani yuko mbele yako? Mtu akamnyooshea kidole wa mbele, wa mbele akaitikia. Kumi. Kumi na tano. Kumi na saba.

Na hapo mstari ukakatika.

Baada ya mtu wa kumi na saba palikuwa na nafasi tupu ya hatua moja na nusu. Nyuma ya nafasi hiyo alisimama Ekwaro, miguu ameitanua. Waliokuwa nyuma yake walikuwa wanamsukuma.

"Songa mbele wewe! Mbona unatuachia shimo?"

"Nisisukumwe!" Ekwaro akageuka na kiwiko.

"Kaka Ekwaro," Apio akamwambia, "kuna pengo mbele yako. Sogea, muda unaisha."

"Hakuna pengo." Bado alikuwa na hasira naye, ilisikika. "Huyu ni Abdulaziz. Ameenda kuswali. Aliniambia nimshikie."

Apio akasimama, mkono hewani. Alikuwa amemsahau. Kati ya watu wote mia na arobaini, yule aliyemwahidi kwa mdomo wake mwenyewe, saa moja tu iliyopita, bila hata kumtazama, ndiye aliyemtoka akilini kabisa. Uso ulimwaka kwa aibu. Na Ekwaro, mwenye vitunguu vinavyooza, angeweza kusogea hatua moja na nusu na hakuna mtu chini ya jua angejua.

"Sina namba ya gari lake," Apio akasema kwa sauti ndogo.

Ekwaro akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Siku tatu naangalia matako ya hiyo lori, madam. Nitakosaje kujua namba?" Akaitaja, herufi kwa herufi, pamoja na taa ya kushoto iliyovunjika. Apio akaiandika. Ya kumi na nane. Kisha akaandika ya Ekwaro, ya kumi na tisa. Wakaendelea, na kuanzia hapo wengine walioshikiwa nafasi wakaanza kutajwa: huyu ameenda kuoga, huyu yuko kliniki, huyu amelala, msimwamshe, yuko mbele yangu.

Saa nane kasoro dakika tano mtu wa mwisho alitaja gari lake. Mia moja na arobaini. Apio akashusha pumzi, akidhani yamekwisha.

"Zima," Ekwaro akasema.

"Nini?"

"Zima sistimu. Kama ile ya kwanza. Tuone kama itakumbuka."

Wengine wakadakia. Zima tuone! Apio akamtazama Edris ndani ya simu kana kwamba simu ina macho. "Wana haki," Edris akamwambia. "Usipoizima wewe, siku moja itajizima." Apio aliamini ameiweka sawa. Lakini hata saa sita na nusu alikuwa ameamini. Wanaume walikuwa wamesimama juani karibu saa nzima kwa neno lake, na mstari ule, ukivunjwa mara ya pili, hauundiki tena.

Akamtafuta mama yake kwa macho. Amuron alikuwa amesimama mbali na malori, nje kabisa, kwa mara ya kwanza siku hiyo. Vikombe vyote thelathini na viwili vilikuwa ndani ya beseni miguuni pake.

Apio akabonyeza.

Kioo kikawa cheupe. Gurudumu dogo likazunguka. Madereva wakasogea karibu. Kule barabarani pikipiki ilipita ikipiga honi, nayo ikaonekana kama tusi. Gurudumu likazunguka, likazunguka, likasimama. Kioo kikabaki cheupe kitambo kingine, kirefu mno, na Apio akaanza kuomba kwa lugha ya nyanya yake bila kujua anaomba.

Simu ya Ekwaro, aliyekuwa ameshaingiza namba ya gari lake, ikalia. Akaitazama, akaisogeza karibu na macho, akasoma kwa sauti kama mtoto wa darasa la pili: "Mbele yako, magari kumi na nane."

Simu nyingine ikalia, na nyingine, yadi nzima ikawa inalia. Watu wakasomeana, wakapigana mabega, wakarudi kwenye malori yao. Ekwaro hakumwomba Apio msamaha wala hakumwongezea tusi. Alipita akamwambia, "Ukiristati tena utuambie kwanza," akapanda gari lake. Saa nane kamili geti likafunguka, lori la saruji likatoka peke yake, taratibu, na hakuna pua iliyochomeka nyuma yake.

Apio aliketi kwenye kreti akavaa viatu vyake. Nyayo zilikuwa zimebabuka. Jumatatu hakuwa na kazi, na alikuwa anajua hivyo, na machozi yalimlengalenga kwa uchungu na kwa furaha, asijue ni yapi ya kipi.

Saa nane na robo Abdulaziz akarudi kutoka msikitini, kofia sasa iko kichwani, anatembea kwa utulivu wa mtu aliyeswali na kushiba. Alimpita Apio, akaangalia lori lake, akatoa simu mfukoni, akaandika namba. Akasoma. Akaitikia kwa kichwa kidogo tu, kama mtu aliyekuta ufunguo pale alipouacha, kisha akamgeukia Amuron.

"Mama, chai bado iko?"

"Iko," Amuron akasema, akamchagulia kikombe kisicho na ufa.

"Naona watu wanaongea sana. Kulikuwa na shida?"

Amuron akamtupia binti yake jicho. Apio akafuta uso kwa kiganja, akasimama.

"Muulize wa nyuma yako, mzee," akasema.